Watoto Arobaini na Saksafoni ya Getatchew

Ukitaja jazi hapa Juba, wazee watakutajia Rejaf Jazz na Skylarks, bendi zilizokuwa zikiangalia sana Kampala na Nairobi. Sawa kabisa. Lakini leo nataka twende upande wa Addis Ababa, kwa sababu majirani zetu wa Gorom wengine wametoka Ethiopia, na kwa sababu huko kuna historia ya muziki yenye mkono wa wakimbizi. Vijana wengi ninaofanya nao kazi hawajawahi kuisikia.

Mwaka 1924 Ras Tafari, yule aliyekuja kuwa Haile Selassie, alitembelea Jerusalem. Huko akasikia bendi ya matarumbeta ya watoto yatima wa Kiarmenia, watoto waliobaki baada ya watu wao kuuawa na kufukuzwa katika dola ya Waturuki. Akawachukua 40 pamoja na mwalimu wao, Kevork Nalbandian, akawaleta Addis wawe bendi yake. Waethiopia wakawaita Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Huyo Kevork ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliotumika mpaka wakati wa mfalme ulipokwisha. Mkimbizi! Hebu fikiria.

Baadaye akaja mtoto wa ndugu yake, Nerses Nalbandian, naye akaongoza bendi ya manispaa ya Addis Ababa. Hapo ndipo anapoingia kijana wetu.

Getatchew Mekurya alizaliwa 1935. Alianza na krar na masinko, ile inayopigwa kwa upinde kama zeze, kisha akashika klarineti na saksafoni. Mwaka 1949, akiwa na miaka 14 tu, akaingia bendi ya manispaa. Mtoto wa miaka 14 anakaa katikati ya watu wazima, leo anapiga, kesho anapiga, akikosea wanasikia wote. Mwaka 1955 akahamia bendi ya ukumbi wa michezo wa Haile Selassie, ambako Nerses naye alifanya kazi, na 1965 akaenda bendi ya polisi.

Hapa naomba niongee kidogo na ndugu zetu wa mashirika. Mafunzo ya siku tatu tunayashukuru, soda tumekunywa, cheti tumepata. Lakini mwalimu akiondoka, vifaa vinafungiwa stoo kungoja mradi mwingine, na kijana aliyeanza kutoa sauti nzuri anarudi kukaa chini ya mti. Getatchew alipewa kiti kwenye bendi na hakunyang'anywa. Akakaa na wakubwa miaka, si siku.

Na kumbe wakubwa hao hawakumfanya awe kama wao. Kuna mtindo unaoitwa shellela, ambao wapiganaji wa Ethiopia waliimba kabla ya kwenda vitani, kwa majigambo na vitisho. Getatchew akautoa mdomoni akauweka kwenye saksafoni. Chombo kinakoroma, kinalia, kinatukana. Jukwaani alivaa ngozi na kilemba cha manyoya ya simba kama mpiganaji mwenyewe. Watu wa nje wakimsikia humfananisha na wapigaji jazi wa Marekani, wale waliovunja kanuni zote miaka ya 1960. Mimi naona wanakosea njia. Sauti ile aliitoa kwa wazee wa kwao. Nota na nidhamu ya bendi ndizo alizozikuta kwa akina Nalbandian.

Akiwa karibu na miaka 70 akakutana na The Ex, bendi ya Uholanzi yenye magitaa ya kelele sana. Badala ya kuwakimbia, mzee akawaomba wampigie kwenye albamu yake, Moa Anbessa, iliyotoka 2006. Wakazunguka naye nchi nyingi, yeye mbele na kilemba chake cha simba. Alifariki Aprili 2016.