Fimbo ya Abashingantahe na Bei ya Heshima

Kabla Wajerumani hawajajenga kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, nchini Burundi, mwishoni mwa karne ya 19, ugomvi wa mpaka wa shamba, mahari au ng'ombe ulisikilizwa vilimani na abashingantahe. Hao walikuwa wanaume, Wahutu kwa Watutsi, waliosimikwa na majirani zao. Kila msemaji aligonga ardhi kwa intahe, fimbo fupi, kutilia mkazo neno lake.

Cheo hicho hakikurithiwa, wala hakikuwa cha bure. Anayekitaka alichunguzwa kwa muda mrefu: anakaaje na mkewe, analipaje madeni, siri anaitunza? Akikubaliwa, aliwakaribisha watu wa kilima kwa mitungi ya pombe ya ndizi na mtama, kisha akala kiapo mbele yao. Aliyegharamia jina namna hiyo aliogopa kulipoteza, maana waliompa waliweza kumvua. Lakini gharama hiyo hiyo iliwafungia fukara mlango, na wanawake na Watwa hata hawakufikiriwa.

Wabelgiji walioingia mwaka 1916 waliweka mahakama za machifu, na uzito wa fimbo ukapungua. Pigo kubwa zaidi lilikuja baada ya uhuru wa 1962: chini ya chama kimoja, viongozi wa chama na mahakimu walihesabiwa abashingantahe kwa sababu tu ya vyeo vyao.

Wapo wanaolaumu agatutu k'abagabo, pombe ambayo wenye kesi waliwapa waamuzi; shukrani ikitangulia hukumu, wanasema, ni rushwa. Hoja hiyo ina ukweli, ila haitoshi. Mtungi ulikuwapo tangu zamani, na majirani walikuwa wakiutazama. Uligeuka hongo kirahisi pale mpokeaji alipokuwa hahitaji tena sifa ya majirani hao. Bujumbura tatizo lilizidi, kwani mitaa kama Buyenzi ilijaa watu wa kila upande, na nani angemshuhudia mgeni wa jana?

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi kuirudishia taasisi ya abashingantahe hadhi yake. Sheria ya tarafa ya 2005 iliwaweka abashingantahe sambamba na mabaraza ya vilima yaliyochaguliwa. Ile ya 2010 haikuwataja tena. Mwaka 2021 sheria nyingine ikaanzisha mabaraza ya wapatanishi wa vilima, na wajumbe wake hupatikana kwa kura.