Piza ya chapati: mlo wa jioni wa nusu saa

Jioni ukitoka shambani umechoka na watoto wanauliza chakula, wengi wetu tunaishia kwenye chapati za kununua na chai ya rangi. Tumbo linajaa, lakini mboga imerukwa. Hapa Mzumbe hilo halifai, maana mboga za Mgeta zinapita jirani yetu zikielekea sokoni Morogoro mjini. Leo tunaeleza namna ya kuzigeuza chapati hizohizo kuwa piza.

Piza ni nini?

Piza tunayoijua leo ilianzia Napoli, Italia: mkate mwembamba unaopakwa nyanya, unawekwa jibini na kuokwa. Zanzibar wana ya kwao, inayouzwa jioni pale Forodhani. Unga uliosukumwa mwembamba unajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa na kukaangwa. Sisi tunaazima yai hilo likae mahali pa jibini, ambayo ni ghali.

Mahitaji (watu 4)

- Chapati 4 zilizokwisha kupikwa
- Mayai 4
- Nyanya 3, kitunguu 1, hoho 1
- Fungu 1 la mchicha, uoshwe na kukatwakatwa
- Dagaa wakavu nusu kikombe, waliochambuliwa na kuoshwa
- Mafuta kijiko 1 cha chakula
- Limao 1

Namna ya kupika

1. Kaanga kitunguu na dagaa. Tia nyanya na hoho, acha rojo likauke.
2. Ongeza mchicha, geuza dakika 2, epua. Ikipoa kidogo, changanya na mayai yaliyopigwa.
3. Punguza moto, funika makaa kwa majivu kidogo. Weka chapati kwenye kikaango bila mafuta, tandaza mchanganyiko juu yake.
4. Funika dakika 4 hadi 5, mpaka yai ligande kabisa. Mfuniko ukiwa wa bati, weka makaa machache juu yake, kama unavyooka keki.
5. Kamulia limao, kata vipande, kula ikiwa moto.

Mambo ya kuzingatia

Mchicha na dagaa vina madini ya chuma, yanayosaidia mwili kutengeneza damu. Limao na hoho vina vitamini C, inayousaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Chai inafanya kinyume, hivyo ni vizuri kuinywa saa moja hivi baada ya kula, hasa kwa mjamzito na watoto.

Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwani dagaa huwa na chumvi yao. Ukitumia nyanya ya pakiti, kijiko 1 kinatosha. Chapati nazo zina mafuta tayari, ndiyo maana hatuongezi mengine.

Mwisho, usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Msikilizaji wetu, chapati ikibaki kesho, usiitupe. Hiyo ndiyo piza yako.