Nikeli ya Musongati: Kwa Nini Bado Iko Ardhini?

Nilipokuwa shule ya msingi Minago, tulifundishwa kwamba Burundi ni nchi tajiri kwa sababu ya nikeli ya Musongati. Nyumbani tuliishi kwa mikeke na mawese, na sikuelewa utajiri huo uko wapi. Katika insha hii ninajadili historia ya mashapo hayo. Hoja yangu ni kwamba vita peke yake havielezi kwa nini hayajachimbwa.

Mashapo ya Musongati, katika uliokuwa mkoa wa Rutana, yaligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Kwetu ukanda wa ziwa, wazee hawaikumbuki miaka hiyo kwa madini. Wanakumbuka mauaji ya 1972 na ndugu waliovuka mpaka kwenda Kigoma.

Nikeli hiyo ni ya aina ya lateraiti. Miamba yenye nikeli kidogo ililika kwa mvua na joto kwa muda mrefu sana. Sehemu nyingine ikachukuliwa na maji, nikeli ikarundikana karibu na uso wa ardhi. Ili kuipima, wataalamu huchoronga mashimo, huchukua sampuli za kila kina na kuzipima maabara. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni tani milioni 150 zenye nikeli ya takriban asilimia 1.3. Kwa hiyo nikeli yenyewe ni kama tani milioni 2; karibu yote iliyobaki ni mzigo wa kuchimbwa, kuchakatwa na kutupwa.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Wanajiolojia, hata hivyo, hutofautisha rasilimali na akiba: rasilimali ni kile kilichopo, akiba ni kile kinachoweza kuchimbwa kwa faida. Mvuvi wa Minago anaijua tofauti hiyo. Samaki aliye ziwani si kitoweo mpaka pawepo mtumbwi, wavu na taa.

Ni kweli kwamba vita vilivyoanza 1993 viliumiza kazi. Kampuni ya Argosy Minerals ilisimamisha shughuli zake mwaka 2000. Lakini kati ya ugunduzi na vita ilipita miaka kama 20. Kilichokosekana ni umeme mwingi wa kuyeyushia na njia ya kusafirishia. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iko ng'ambo ya mpaka: shehena ingetoka kwa lori, ipande meli, kisha ipakiwe tena kwenye treni mpaka Dar es Salaam. Oktoba 2014 Rais Nkurunziza alizindua mradi wa uchimbaji, lakini uzalishaji mkubwa haukufuata.

Agosti 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati. Wapo wanaosema sasa tatizo limekwisha. Mimi naona limepungua nusu: reli hupunguza gharama, lakini haileti umeme, wala haiandiki mkataba wenye haki kwa wakulima watakaohamishwa.

Kwa kuhitimisha, kugundua si kumiliki. Tangu mageuzi ya mikoa ya 2025, Minago na Musongati ziko mkoa mmoja wa Burunga. Mtoto wa Minago akiambiwa leo kwamba nchi yake ni tajiri, aelezwe pia nini bado kinakosekana.