Mizimu ya mirathi

Mkesha wa Krismasi mwaka 1764, kitabu kidogo kiliingia madukani London, nakala 500 tu. Dibaji yake ilidai kuwa ni kisa cha kale kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529, kikaokotwa katika maktaba ya familia moja ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza, kisha kikatafsiriwa kutoka Kiitaliano. Wapo walioamini. Mwaka uliofuata ikatoka chapa ya pili, na mwenye kitabu akajitokeza: Horace Walpole, mbunge na mtoto wa Robert Walpole, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Alikuwa amekitunga mwenyewe baada ya kuota yumo ndani ya kasri, na juu ya ngazi kuu anaona mkono mkubwa ajabu uliovaa deraya ya chuma. Siku ile ile, jioni, alianza kuandika.

Kitabu hicho, The Castle of Otranto, ndicho kinachohesabiwa kuwa mzazi wa riwaya za nyumba zenye mizimu. Kinaanza na harusi. Bwana harusi, Conrad, anakutwa uani amepondwa na kofia ya chuma kubwa kupita kiasi. Baba yake, Manfred, anahaha kutafuta mrithi mwingine, na kila akihaha kasri linazidi kumkataa. Mwishowe siri inafichuka: babu yake alimtilia sumu bwana wake, akaghushi wosia, akakalia mali isiyo yake.

Kwa hiyo tangu mwanzo mzimu wa riwaya hizi alikuwa mdai. Anayezisoma kwa makini huanza kujiuliza nyumba ni ya nani na ilipatikanaje, kabla hata ya kujiuliza ni nani anayetembea darini usiku.

Ann Radcliffe aliijua vizuri siri hiyo. Mwaka 1794 alilipwa pauni 500, fedha nyingi sana zama zile, kwa The Mysteries of Udolpho. Humo msichana yatima anafungiwa na mtu anayeitaka mali ya familia. Nyuma ya pazia jeusi anaona kitu kinachomzimisha pale pale. Kumbe ni sanamu ya nta. Kwa Radcliffe kila kioja huishia kuelezwa, na mwovu huwa binadamu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipita njia inayofanana na hiyo katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960): wengine wanaogopa mzimu, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anamsaka muuaji.

Aliyeianika dhuluma yenyewe kuliko wote ni Nathaniel Hawthorne wa Salem, Marekani. Mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za 1692, ambamo watu 19 walinyongwa. Katika The House of the Seven Gables (1851), Kanali Pyncheon anakitamani kiwanja cha mnyonge aitwaye Matthew Maule. Maule anahukumiwa kwa uchawi na kunyongwa, naye Kanali anajenga jumba pale pale. Siku ya kulifungua, wageni wamefurika, mwenyeji anakutwa kitini amekufa, ndevu zimelowa damu. Vizazi kwa vizazi ukoo wake unatafuta hati ya ardhi kubwa ambayo ingewatajirisha. Kumbe hati imo ukutani, nyuma ya picha ya Kanali, katika kishubaka kilichofichwa na seremala aliyelijenga jumba: mtoto wa Maule. Inapopatikana, haina thamani tena. Nyumba iliyompa Hawthorne wazo la riwaya hiyo, ya mwaka 1668, bado imesimama Salem, na tangu 1910 ni makumbusho.

Shirley Jackson naye, katika The Haunting of Hill House (1959), aliweka chini ya vitisho vyake dada wawili waliogombea jumba la baba yao, ugomvi ukafika hadi kugombea sahani.

Kisha akaja Toni Morrison. Beloved (1987) ilitokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, aliyetoroka utumwani Kentucky mwaka 1856 na kumuua binti yake ili asirudishwe. Mawakili walibishana kama ashtakiwe kwa mauaji au arejeshwe kama mali; akarejeshwa. Hapa kilichoporwa hakikuwa kasri wala kiwanja, bali watu wenyewe. Walpole alimaliza kisa chake kwa kumtawaza mrithi halali, Hawthorne kwa kuwaposanisha vijana wa koo mbili. Morrison hakuwa na hati ya kurudisha. Katika riwaya yake mama aliyemuua binti yake anaitwa Sethe, na mzimu wa nyumba yake, namba 124, anaondoka baada ya wanawake wa mtaani kuja kusimama mbele ya nyumba na kuomba kwa sauti. Siri ya Sethe walikuwa wakiijua miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuibeba pamoja naye.