Kompyuta Zilizoanzia Chini ya Meza ya Treni

Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani ilijenga haraka haraka jengo la mbao kwa ajili ya watafiti wa rada. Lilipewa namba 20 na lilitakiwa kubomolewa vita vikiisha. Badala yake likaendelea kutumika, na humo ndimo klabu ya treni ndogo ya wanafunzi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilimopata chumba.

Treni zao zilikuwa za kipimo cha 1 kwa 87, na reli zilipita juu ya meza kubwa katikati ya vilima, vijiji na stesheni za kuigiza. Wanachama waligawanyika. Wapo waliopenda kupaka rangi mabehewa na kusoma historia ya reli. Wengine walizama chini ya meza, kwenye nyaya, na hao ndio ninaotaka tuwakumbuke.

Kilichowashughulisha ni jambo lililomsumbua kila mwenye treni za umeme za aina hiyo. Kichwa cha treni huchota umeme kwenye reli zenyewe, kwa hiyo ukiongeza umeme katika reli yote, vichwa vyote vinakwenda kasi pamoja. Dawa yake ni kuikata reli vipande vipande, kila kipande kiwe na umeme wake. Lakini treni inapovuka kutoka kipande hiki kwenda kingine, umeme wa dereva wake lazima uifuate, bila kuingilia treni ya mwenzake. Vijana walilitatua hilo kwa relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, vile vifaa vya mitambo ya simu, vingi vikiwa vya msaada. Dereva alizungusha namba kama anayepiga simu, akachagua kipande anachokitaka, na relei zikasikika zikigonga chini ya meza.

Mwandishi Steven Levy, aliyesimulia habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1984, anaeleza kuwa mwanachama mpya alipewa ufunguo wa chumba baada ya kufanya kazi saa 40 kwenye reli hizo. Naona hapo ndipo siri ilipo: heshima ilipatikana kwa kazi ya mikono.

Mtu aliyezoea kufuatilia relei mamia kwa mamia, hii ikifunga ile ikifungua, tayari anafikiri kama kompyuta inavyofanya kazi. Ndiyo maana kompyuta ya transista iitwayo TX-0 ilipofika MIT mwaka 1958, Jack Dennis, aliyewahi kuwa mwanachama, aliwafungulia mlango nao wakaingia kwa shauku. Mwaka 1962, kwenye kompyuta ya PDP-1, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar!, miongoni mwa michezo ya kwanza ya kompyuta. Peter Samson aliuwekea anga lenye nyota halisi. Alan Kotok na Bob Saunders waliunda visanduku vya kuongozea vyombo vya angani vya mchezo huo, kwa vipuri vilivyotoka kwenye chumba cha treni.

Jengo namba 20 lilibomolewa mwaka 1998. Klabu ilihamia kwingine na kujenga reli mpya, zinazoongozwa na kompyuta. Kati ya majengo yake ya kuigiza lipo ghorofa refu la MIT liitwalo Green, ambalo madirisha yake huwaka taa na mgeni anaweza kucheza mchezo wa Tetris kwa taa hizo.