Kuta za urujuani

Anayeitazama leo picha ya chumba cha kulala aliyoichora Vincent van Gogh mjini Arles, Ufaransa, mwaka 1888, ataandika bila kusita kwamba kuta zake ni za samawati. Neno linalostahili ni urujuani. Katika barua kwa nduguye Theo, mchoraji mwenyewe alizitaja kuta hizo kuwa za urujuani hafifu, na uchunguzi wa rangi umeonyesha kuwa wekundu aliouchanganya na buluu umepauka. Atatokea wa kupinga, akisema kwamba mwandishi huandika anachokiona. Ni kweli, lakini kwa samawati peke yake hataweza kueleza utulivu aliokusudia van Gogh: urujuani na manjano ya kitanda ni rangi zinazokabiliana na kusawazishana, na kwa kuwa vivuli aliviondoa makusudi, kazi ya kuleta hisia ya usingizi iliachiwa rangi. Wengine watapendekeza zambarau. Hilo silikubali, maana zambarau hubeba weusi wa tunda lenyewe, ilhali kuta hizi zilikuwa nyepesi. Wahariri, andikeni “kuta za urujuani, ambazo sasa huonekana samawati”.