Muvuke wa nyumbani: majani tulishika, sharti tuliacha

Katika nyumba nyingi za kwetu Bukavu, mutu akishikwa na mafua ao homa, neno la kwanza analosikia si «enda kwa munganga». Ni hili: «Jifukize kwanza.» Watatafuta sufuria, majani, bulangeti, na kazi inaanza. Sisi wenyewe tulikomalia ndani ya desturi hiyo, na hatutaki kuichekelea. Tunataka kueleza kidogo historia yake, kiisha kuuliza: tulichopokea kwa wazee, ni kipi tulichokishika na ni kipi tulichokiacha?

1. Muvuke ni wa watu wengi

Wengine wanafikiri kujifukiza ni jambo la Waafrika maskini wasiokuwa na franga ya dawa. Si kweli. Waroma wa zamani walijenga nyumba kubwa za kuogea zenye vyumba vya joto. Waarabu na Waturuki walikuwa na hamamu. Huko Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mupaka 1888, alijenga hamamu katika mutaa ambao mupaka leo unaitwa Hamamni.

Lakini watu wanaojulikana zaidi kwa jambo hili ni Wafini, huko Ulaya ya kaskazini. Wao wanaita nyumba yao ya joto sauna. Inchi ina watu karibu milioni 5 na nusu, na sauna zinapita milioni 3: ni kusema karibu kila jamaa iko na yake. Ndani, jiwe zinapashwa moto, joto linafika 80 ao 100, na watu wanamwanga maji juu ya jiwe ili muvuke upande. Zamani wanamuke walizalia humo, na wafu waliogeshwa humo mbele ya kuzikwa. Katika mwaka 2020, UNESCO iliandika desturi hiyo kati ya urithi wa watu wote.

Sauna ya zamani kabisa haikuwa na shimuni. Moto uliwaka saa nyingi, moshi ukajaa nyumba. Kiisha waliacha moto uzimike, wakaachilia moshi utoke, na hapo tu ndipo watu waliingia kuketi karibu na jiwe zenye joto. Tushike neno hilo vizuri: moto kwanza unakufa, kiisha mutu anaingia. Tutalirudilia.

2. Majani yaliyotoka mbali

Sasa tufungue sufuria yetu. Tunakuta nini ndani? Majani ya mikaratusi, ya mapera, ya maembe, sitroneli, na ndimu iliyokatwa. Tunasema: «Ni dawa ya bakoko.» Mukaratusi ulitoka Australia, uliletwa kwetu wakati wa ukoloni na kupandwa juu ya milima kwa ajili ya kuni na nguzo. Mupera ulitoka Amerika. Muembe, ndimu na sitroneli asili yao ni Asia. Ni kusema wazazi wa bakoko zetu hawakujua harufu ya mukaratusi hata kidogo.

Je, desturi ni ya uongo? Hapana. Majani yalibadilika kufuatana na miti iliyokuwa karibu na nyumba. Kilichokuwa cha wazee kwa kweli ni namna ya kufanya, ndiyo sharti. Na sharti hizo ndizo tunazosahau.

3. Sharti za koko

Koko yetu mwanamuke, aliyetulea, alikuwa na sharti ine. Hakusoma, lakini hakuna mutoto aliyeungua mikononi mwake.

Ya kwanza: sufuria inatoka ku moto, moto unabakia inje. Alipika majani katika jiko la inje, kiisha akaleta sufuria yenye kufunikwa, akaisimamisha chini, kati ya matofali matatu, isitikisike. Leo watu wanaingiza imbabula yenye makala ndani ya chumba, wanafunga dirisha ili muvuke usitoke, na wanajifunika pamoja nayo. Makala inayowaka inatoa gazi ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Ndugu zetu wa Goma wanajua mazuku, gazi inayotoka katika udongo na kulala mahali pa chini. Hii ya makala haingoji bonde, inajaa chumba chote, na mutu anasinzia bila kujua. Wafini wa zamani na koko yetu hawakuonana hata siku moja, lakini walikuwa na sharti moja.

Ya pili: kungoja. Alifungua kifuniko, akaacha muvuke wa kwanza upande hewani, akapima kwa mukono wake yeye mwenyewe. Katika darasa la fizika tunafundisha sababu yake: muvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na unaacha juu ya ngozi joto lote lililoubeba. Ndiyo maana mutu anaweza kuketi katika hewa kavu ya sauna yenye 80, lakini maji ya 60 tu yanamuunguza vibaya kwa sekunde chache.

Ya tatu: «Bulangeti haina funguo.» Mutu atoke wakati anapotaka, hakuna kumushikilia ndani, hakuna mashindano ya ushujaa. Alihesabu dakika chache, kiisha akafungua, akatoa maji ya kunywa, akamuambia mugonjwa asimame polepole, kwa sababu joto linashusha presha na mutu anaweza kuanguka. Wafini nao walijifunza hilo kwa machozi: katika muji wa Heinola walikuwa wakifanya mashindano ya kuvumilia sauna, na katika mwaka 2010, ndani ya joto la 110, mushindani mumoja alikufa. Mashindano hayo hayakurudiliwa tena.

Ya ine: si kila mutu. Mutoto mudogo, hapana. Mama mwenye mimba, hapana. Mutu aliyekunywa pombe, hapana. Leo tungeongeza mwenye ugonjwa wa moyo ao wa presha, asiingie bila kuuliza munganga.

Kazi ilipoisha, majani yalitupwa, sufuria ikasuguliwa, bulangeti ikafuliwa na kuanikwa juani. Sufuria yenye mukono uliovunjika haikutumiwa kwa kazi hiyo kamwe.

4. Mwaka 2020

Tarehe 10 mwezi wa 3, mwaka 2020, mugonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa katika inchi yetu. Kila mutu akakumbuka sufuria. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Rais Magufuli mwenyewe aliwahimiza raia kujifukiza. Na sisi, katika juma la mwisho mbele ya masomo kufungwa, tulisimama mbele ya darasa tukasifu desturi hiyo. Tulisema ni urithi. Hatukusema neno hata moja juu ya sharti.

Masomo yaliporudi mwezi wa 10, mwanafunzi wetu mumoja alifika akitembea kwa shida. Nyumbani walikuwa wameingia watatu chini ya bulangeti moja, sufuria juu ya imbabula. Mudogo wake akasukuma. Maji yakamwangikia miguuni. Alituambia bila hasira: «Mwalimu, si ulisema ni muzuri?» Hatukuwa na jibu. Karatasi hii ndiyo jibu, ingawa limechelewa.

Tuseme wazi pia: muvuke unafurahisha pua iliyozibika na mwili uliochoka. Hauui virusi vya Covid, na hauponyeshi malaria. Kivu yetu ingepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Hapa ndipo walipanda kinkina, muti wa Amerika ya kusini, ambao maganda yake yanatoa kinini. Na Wajapani walipokamata kisiwa cha Java mwaka 1942, inchi zilizopigana nao zilihitaji sana kinkina ya mashamba mengine kama haya yetu. Leo malaria inapimwa kwa tone la damu, na inatunzwa kwa dawa zenye artemisinini. Mwenye homa apimwe siku ileile. Sufuria inaweza kungoja. Malaria ya mutoto haingoji.

Mwisho

Ndugu wasomaji, hatusemi tutupe sufuria. Wafini hawakutupa sauna yao. Wanafundisha watoto namna ya kuketi ndani, na wanabadilisha jiwe zilizopasuka. Sisi tulishika majani, ambayo mengi hayakuwa hata ya kwetu, tukaacha sharti, ambazo zilikuwa zetu kabisa. Kila jamaa iko na muzee anayezikumbuka. Tumuulize angali hai, na tuziandike. Na mutoto akituuliza kama muvuke ni muzuri, tumuonyeshe kwanza matofali matatu.